Nyota yangu nyekundu imefifia na hakuna hata mmoja wetu aliyeiona ikififia

Wakuu, heshima kwenu. Haya ni ya kweli tupu. Sitaongeza chumvi, yanauma hivyo hivyo yalivyo.

Mimi ni mwalimu wa hesabu huku Nemba, Biharamulo, na nina ugonjwa mmoja: nyota. Sio unajimu jamani, sipigi ramli. Naangalia zile zinazobadilika mwanga. Unailinganisha nyota moja na jirani zake zisizobadilika, unatuma makadirio ya mwanga wake kwenye group letu la wapenzi wa anga, wataalamu wanayatumia.

Sasa kwenye group kuna nyota mastaa. Zile zinazolipuka ghafla watu wanazigombania.

Yangu ni nyekundu na inabadilika kwa mwendo wa kinyonga. Halafu nyekundu zina tabia mbaya: ukiikodolea, inazidi kung'aa machoni mwako. Watu wawili wakiiangalia jioni moja wanatoa majibu tofauti, ugomvi unaanza. Masika ni mawingu. Kiangazi watu wanachoma nyasi, moshi umetanda kila upande. Nani atahangaika nayo?

Tulibaki wawili. Mimi na Mama Editha, muuguzi mstaafu wa Mugoma, kule Ngara. Tulibishana miaka. Akisema imeng'aa, namwambia mama, umeikodolea hiyo. Group lilitucheka, mwisho likachoka hata kutucheka.

Mwaka jana jicho langu la kulia likaingia ukungu. Nikaenda Mwanza kufanyiwa upasuaji, kidonda kikagoma kupona, jicho likapotea, nikakaa kwa dada yangu mpaka mvua zikaisha. Kwenye group sikusema, naujua utani wao.

Nyota haikunipa presha. Mama Editha si yupo?

Nimerudi, nainua darubini kwa jicho lililobaki, mahali pake ni peusi. Imefifia mpaka siioni. Haijawahi kufanya hivyo tangu nianze kuiangalia! Ndicho tulichokuwa tunakisubiri miaka yote, wakuu. Ilianguka ghafla au polepole? Hilo ndilo wataalamu wanalotaka kujua.

Nikauliza kwenye group. Nani aliiona ikianza kufifia? Jibu pekee lilikuwa emoji ya kucheka.

Nikapanda gari mpaka Ngara, nikachukua bodaboda mpaka Mugoma. Nikamkuta uani anaanika maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Jicho limefanya nini tena?"

Nikamwambia jicho tuliache, nimefuata nyota. Ilianza kufifia lini?

Akasimamisha mikono. "Mwanangu, mimi niliacha tangu mvua za kwanza. Miguu hii, na baridi ile, siwezi tena kukaa nje."

"Mbona hukuniambia mama?"

"Nikwambie ya nini? Nilijua wewe upo."

Nilisaidia kutandaza maharage, nikaaga.

Nimekata tamaa, sifichi. Inaweza kurudi kung'aa, lakini kule kuanguka kwake kumepita na hakuna binadamu atakayejua kulikuwaje. Nilidhani nyota kama hizi zinatelekezwa kwa sababu ni ngumu na hazina shangwe. Kumbe hata sisi tuliozipenda tuliziacha, kila mtu akimtegemea mwenzake.

Nilichojifunza: ukiacha zamu, sema umeacha.

Na wewe hapo, kuna nini umeacha kukiangalia ukiamini mwenzako yupo? Semeni wakuu. Nitasoma zote, ila taratibu, jicho lenyewe ni moja.