Chumvi Katika Tangi la Mama Muthoki

Mama Muthoki alizaliwa milima ya Kilungu, kwenye maji matamu, akaolewa huku kwetu nje ya Kwa Vonza, kwenye maji ya chumvi. Kisima chetu cha kuchimbwa hakikauki mwaka mzima, lakini ukiyanywa maji yake unaongeza kiu. Kwa miaka thelathini amesisitiza kwamba parachichi la kwao litakubali udongo huu. Tumemcheka sote, na mimi, jirani yake na mwalimu wa kemia, nilicheka kwa ushahidi wa vitabu.

Mwaka huu kicheko kiliisha. Wakati wa mvua ya Aprili mlima uliporomoka huko Kilungu ukaufukia mparachichi wa marehemu mamake. Alisafiri siku hiyo hiyo, akakata vijiti kwenye matawi yaliyochungulia nje ya udongo, akarudi kuvipandikiza kwenye miche sitini aliyokuwa ameiotesha katika mifuko nyuma ya nyumba. Vyote vilishika. Mti wa mamake sasa umebaki katika mifuko ile tu.

Parachichi haliwezi chumvi. Kwa hiyo maji ya mvua yaliyobaki, nusu tangi, yalikuwa ya miche mpaka mvua za Novemba. Yeye mwenyewe alikunywa ya kisima.

Oktoba alifiwa na kaka yake, akaenda Kilungu kuzika. Alikaa siku tano. Nilimwagilia miche asubuhi na kwenda shuleni, na wiki hiyo, Mungu ana utani wake, nilikuwa nikiwaonyesha kidato cha pili jinsi punje moja ya dawa ya zambarau inavyotia rangi chombo kizima bila kukorogwa. Siku ya mwisho, huku nyuma, Kaveke, kiongozi wa akina mama kanisani, aliita lori la maji. Walitaka kumfuta machozi mwenzao. Wakapanda juu ya tangi wakiimba, wakalijaza pomoni maji ya kisima.

Mama Muthoki aliporudi alionja maji ya tangi. Kisha akaniita.

"Mwalimu, si itatulia? Tukichota maji kwa mchanga ya mto, si tunaacha matope inashuka, tunakunywa ya juu?"

"Matope ni nzito, Mama. Chumvi ikishayeyuka haishuki. Vijichembe vyake vinatembea, vinagongana na vya maji mchana na usiku, mpaka juu na chini iwe sawa."

"Na ikishakuwa sawa?"

"Vinaendelea tu kutembea. Lakini haviwezi kurudi vilikotoka."

"Hata vikichoka?"

"Havichokangi, Mama."

Maji yakimwagika hayazoleki, husema wahenga. Haya hayakumwagika hata tone, yako mbele yetu, na hayazoleki vilevile. Nilikasirika na Kaveke, nikakasirika na mimi mwenyewe, nikakasirika hata na somo langu.

Hakuniamini, au hakutaka. Alingoja siku tatu bila kumwagilia, asiruhusu mtu kuligusa tangi. Siku ya tatu alipanda ngazi na kibuyu, akachota juu kabisa taratibu kama anayeengua mafuta ya mchuzi. Alionja, akanipa nami nionje. Ilikuwa chumvi ile ile. Majani ya miche yalikuwa yamelala. Majirani hawakuwa na maji ya mvua, na mtoni mchanga ulikuwa mkavu.

Kaveke alipita. "Mama Muthoki, uliona maji?"

"Niliona. Mungu awabariki sana."

Angesema nini? Wangemwambia shukrani ya punda ni mateke. Alipoondoka, Mama Muthoki alichota yale yale akaimwagilia miche, kwa kuwa bila maji ingekufa kesho. Wiki iliyofuata kingo za majani zilikuwa zimeungua.

Jumamosi niliwasha jiko la makaa alfajiri. Niliweka sufuria la maji ya tangi, bakuli katikati, kifuniko kimegeuzwa juu ili mvuke upoe na kudondokea ndani. Mpaka saa tisa mchana gunia la makaa lilikuwa limepungua vibaya, na tulikuwa na kikombe kimoja cha maji matamu. Alionja tone moja kwa kidole, akatabasamu.

"Mama," nikasema, "chagua mitatu yenye nguvu. Nikichemsha kila siku, mitatu inaweza kufika Novemba."

Aliitazama miche yote, kisha akaenda jikoni akarudi na kijiko cha chai.

Alianza na mfuko wa kwanza. Kijiko kimoja. Akaenda wa pili, kijiko kimoja, wa tatu, kijiko kimoja. Nilijua kijiko hakifiki hata mzizini. Nilitaka kumshika mkono, nikashindwa.

Kikombe kiliisha kwenye mche wa hamsini na saba. Alisimama mbele ya ule uliofuata, akakipindua kikombe juu yake, akakitikisa, akaanza kuuomba msamaha kwa Kikamba.