Mwenzangu wa Barafuni Ameumia, na Aliye Houston Anasubiri Jibu

Admin, naomba unifiche kabisa. Watanzania wa Plano tunajuana, na anayecheza mchezo huu ni mimi peke yangu, kwa hiyo hata mtaa usiutaje.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu. Mama ni Mtanga, nesi hapa Dallas. Baba ni Mhispania, kazi za kampuni ya simu ndizo zilizomleta Texas. Kiswahili changu nimejifunzia jikoni kwa mama, mkikuta makosa mnivumilie. Nacheza dansi ya kwenye barafu, chini ya bendera ya Hispania. Msicheke jamani, maana mama zangu wadogo kule Tanga wameshacheka vya kutosha, wanauliza ni barafu ya kwenye friji? Ni ukumbi wenye sakafu ya barafu. Mnavaa viatu vyenye chuma chini, mwanamke na mwanamume, mnacheza muziki mmeshikana. Huwezi kucheza peke yako. Mwenzako akiondoka, wewe unabaki na viatu tu.

Wa kwanza alikuwa Brandon, wa Fort Worth. Tulianza tukiwa watoto, nikajua hata akipumua vipi anataka kugeuka. Tulipofika miaka kumi na saba nikaenda mazoezini, nikamkosa. Aliyekuja ni mama yake, akasimama tu kwenye parking, gari hajalizima. Akaniambia Brandon amepata msichana mwingine wa kucheza naye, mfupi kuliko mimi, wame-move. Yeye mwenyewe hakunipigia hata simu. Mwaka mzima nikawa nateleza peke yangu pembeni, watoto wadogo wananipita, nimeshika hewa.

Ndipo shirikisho la Hispania likaniletea Julen. Alitua Dallas na begi moja, Kiingereza hana, mimi Kihispania changu cha kuungaunga. Mama akampa chumba cha kaka yangu aliyekwenda chuo. Wiki haijaisha anakula wali wa nazi kwa mkono, anamwita mama yangu "Mama" na mimi "dada". Jamani, hakuna mapenzi kati yetu, msianze. Ila nilikuwa na woga mmoja mbaya: tangu Brandon aniangushe mazoezini akiwa amenibeba, nikinyanyuliwa upande wa kushoto nafunga macho. Julen hakunisema hata siku moja. Alikuwa ananihesabia kwa sauti ya chini sikioni, kwa Kiswahili, moja, mbili, tatu, mpaka nikayafumbua. Tumekuwa mabingwa wa Hispania pamoja. Tumeshindana Ulaya, tumeshika mkia, tumerudi, tumepanda.

Kabla ya msimu huu bega lake likachanika akiwa amenibeba. Nilisikia mlio. Hakuniachia, alinishusha taratibu kwanza, halafu ndiyo akapiga magoti. Amefanyiwa upasuaji, na daktari anasema huenda akapona vizuri, huenda asiweze kunyanyua mtu tena. Hakuna anayejua.

Kocha akaniita. "Kuna Mfaransa yuko Houston," akasema. "Mwenzake ameolewa, ameacha mchezo. Yuko tayari kucheza kwa Hispania. Nenda mka-try, Julen asijue kwanza."

Nilikwenda. Mama nilimwambia naenda kwa rafiki yangu anayekaa Stafford, karibu na Houston. Kinachonitesa ndicho hiki: ilikuwa tamu. Yule mtu ana kasi ambayo sijawahi kuigusa. Tulizunguka ukumbi mara ya kwanza tu, nikajua kwa huyu ninaweza kufika kule ninakokuota tangu mdogo. Nili-drive kurudi Plano huku nalia na kucheka, sijui kipi ni kipi.

Nikashindwa kuficha. Nilimkuta Julen sebuleni anafanya mazoezi ya bega kwa mkanda wa mpira, mama anakunja nguo. Nikasema yote, nimesimama na funguo mkononi.

Mama akaitupa shuka. "We mtoto! Mama wa watu kaniamini na mwanawe. Nimpigie nimwambie nini, kwamba kaumia kwa ajili yako na wewe umeshampata mwingine? Ulilia vipi ulipofanyiwa hivyo?"

"Mama, nina miaka ishirini na tatu! Huu mchezo haunisubiri!"

Julen akauweka mkanda chini. Halafu akaomba namba ya yule Mfaransa. Nikadhani anataka kumtukana. Akapiga pale pale mbele yetu, akasema kwa Kiingereza chake cha polepole: "Upande wa kushoto anaogopa. Usimnyanyue ghafla. Mhesabie kwanza, kwa Kiswahili. Nitakufundisha namba." Akamtajia moja mpaka tatu, akairudia tatu, maana yule alikuwa anaikosea.

Alipokata simu mama alikuwa analia kwenye nguo. Mimi nikatoka nje, nikawa nazunguka tu na gari kwenye highway, nimeshindwa hata kuchagua njia ya kutokea.

Tangu hapo sikai mahali pamoja. Baba anasema michezo ndivyo ilivyo, nisiharibu maisha kwa huruma. Mama hanisemeshi, chakula ananiwekea mezani anaondoka. Julen kila asubuhi ananiuliza nimeamua nini, anatabasamu, bega limefungwa, na akinitazama naona anataka niseme nabaki. Au ninajidanganya? Kocha atanipigia simu Jumapili, anataka jibu. Nikikataa, huenda bega lisipone na tukaisha wote wawili. Nikikubali, nitakuwa nimemfanyia kile nilichofanyiwa mimi, tena yeye anaishi ndani kwetu.

Wenye kunitukana nitukaneni, nimezoea kwa mama. Lakini baada ya matusi niambieni, kaka na dada zangu: Jumapili nikipokea ile simu, niseme nini?