Pardo wa kwenye Bilauri

Sakrilo alikuwa na mashavu makubwa kuliko uso wake. Kwa miaka thelathini pale mjini Lugduno, enzi za Warumi, alipuliza kioo cha moto ndani ya kalibu za udongo, na mashavu yakalegea kiasi kwamba alipocheka, yenyewe yalimaliza kucheka baadaye. Bilauri zake zilikuwa na picha za wapiganaji wa uwanjani, wawiliwawili: mmoja amesimama na upanga, mwenzake yuko chini.

Wa chini alikuwa Pardo. Aliwahi kuanguka mara moja tu, akainua kidole kuomba uhai, watazamaji wakamhurumia. Sakrilo akachonga kalibu wiki hiyohiyo.

Asubuhi moja Pardo akaingia karakanani, jitu la shingo nene, sauti ya upole.

"Fundi, nataka kumuoa binti wa Litugena. Mwenyewe ameshakubali."

"Litugena mwenye kilabu? Hongera."

"Hongera gani? Huyo mama ana bilauri zako arobaini zenye picha yangu. Nikienda kuposa, ananitazama mimi, anatazama bilauri. Anasema mwanawe haolewi na mtu anayelala chini wenzake wanakunywa."

"Kwani ulianguka vipi?"

"Nilipiga chafya ndani ya kofia ya chuma."

"Chafya haichongeki."

"Nisimamishe, mzee wangu. Nikupigie magoti?"

"Usipige. Utaanguka tena."

Tatizo lilikuwa kalibu. Unapoichimba, pale ulipochimba ndipo kioo kinapotuna. Kuongeza kitu ni rahisi, kuondoa hakuna.

"Naweza kukupa mkia," Sakrilo akasema. "Kukuinua siwezi."

"Nipe kitanda."

"Kitanda?"

"Ionekane nimelala kwa hiari."

Sakrilo alichukua sindano ya kuchongea, akachimba kijibilauri kwenye ncha ya kile kidole. Aliyekuwa akiomba uhai sasa alikuwa akiagiza kinywaji.

Siku ya tatu wakampelekea Litugena bilauri mpya. Akaigeuza mara mbili, akainusa.

"Huyu mwenye upanga ndiye mhudumu?"

"Ndiye, mama," Pardo akasema.

"Mzembe. Na wewe ukangoja mpaka ukakaa chini?"

"Nikangoja."

"Hukutukana mtu?"

"Niliinua kidole tu."

Litugena alikuwa ameuza pombe miaka ishirini na mbili bila kukutana na mteja wa namna hiyo. Akamgeukia Sakrilo, naye Sakrilo akaitikia kwa kichwa, amefumba mdomo kwa nguvu.

"Banona," Litugena akamwita binti yake aliyekuwa jikoni, "nawa mikono, uje."