Pikipiki Iliyokatwa Mkia

Mimi sikusoma. Maneno haya nayasema kwa kinywa changu, na anayeyaandika ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa tatu. Habari yenyewe inamhusu yeye. Nimemwamuru aandike ninavyosema, asijitetee wala asijishtaki.

Kwanza lazima ieleweke desturi yetu ya ng'ombe. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote katika zizi moja, maana ugonjwa ukiingia utawamaliza. Humpa ndugu au jirani ng'ombe mmoja au wawili awatunze. Mtunzaji hunywa maziwa na hutumia samadi, lakini ng'ombe si wake. Hamkati sikio kumtia alama, hamuuzi, hamchinji. Jambo moja tu linaruhusiwa: ng'ombe akivunjika au akikaribia kufa, mtunzaji anaweza kumchinja bila kumngoja mwenyewe, mradi ngozi na mfupa uliovunjika vimfikie mwenye mali upesi, ili aone kwa macho yake kilichotokea. Anayechinja bila kuleta ngozi tunasema amekula. Wapo watu waliozikwa, na wajukuu zao bado wanaitwa wajukuu wa yule aliyekula.

Kwa desturi hiyo hiyo nilimpa mjukuu wangu pikipiki yangu.

Niliipata nikiwa kijana kwa madume wawili wa kulimia, na ilikuwa imezeeka hata wakati huo. Ilibeba magunia ya alizeti hadi Iguguno, ikambeba marehemu mke wangu hadi hospitali ya mjini katika mimba zake zote. Miguu yangu ilipokosa nguvu ya kupiga kiki, niliiegemeza ukutani nyuma ya ghala, hapa Mwankoko, nikaifunika turubai. Ilikaa hapo miaka mingi. Watoto wangu wa kiume hawakuiuliza hata siku moja. Aliyeiuliza ni huyu, aliyekataa kufundishwa kushona na badala yake akaenda kujifunza ufundi katika gereji moja kule Mandewa.

Alinieleza alichotaka kuifanya. Vijana wanakiita kafe resa. Usukani hushushwa chini, hata mwendeshaji ainame kama anayekunywa maji kisimani. Madigadi makubwa ya kukinga matope hutolewa. Siti huwa ya mtu mmoja, fupi, yenye kinundu nyuma. Nilimuuliza mtu wa pili atakaa wapi. Akasema hakuna mtu wa pili.

Nilifikiri siku kadhaa. Kisha, mbele ya baba yake, nikamwambia: "Nakupa uitunze. Kinachofungwa kwa nati, fungua. Kilichozaliwa nayo, usikiguse." Kilichozaliwa nayo ni fremu, yaani mifupa. Alinielewa. Baba yake alisikia.

Sasa, asubuhi moja ya Alhamisi, kijana mmoja wa bodaboda anayekaa karibu na kwangu alisimama mlangoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Pikipiki yako nimeiona Mandewa. Imekatwa mkia kama mbwa wa kuwindia."

"Imefunguliwa," nikamsahihisha.

"Imekatwa, babu. Kwa grinda. Cheche niliziona kwa macho yangu mapema wiki hii."

Nilivaa koti langu, nikachukua fimbo, nikapanda nyuma yake.

Gerejini nilimkuta mjukuu wangu amechuchumaa kando ya pikipiki. Grinda ilikuwa mkononi mwake, haijawashwa. Tangi lilikuwa limeondolewa, siti haipo, na nyuma, pale fremu inapojigawa kuwa mabomba mawili ya kubeba siti, bomba la kulia lilikuwa limekatwa. La kushoto lilikuwa zima. Nilimwona mnyama aliyekatwa sikio moja.

"Shikamoo, babu," akasema, akasimama.

Marahaba yangu ilichelewa, na kila aliyekuwepo aliihesabu.

Vijana wa bodaboda waliokuwa wakingoja kuzibiwa pancha walisogea. Mmoja wao, asiyejua kunyamaza, akasema: "Mzee, usikasirike. Bibi utamweka juu ya tangi!" Wenzake wakacheka. Mwingine akamkanya: "Wee, huyo ni babu yake, si mteja."

Nilimuuliza mjukuu wangu: "Mifupa hii nani amekuruhusu kuikata?"

"Ilikuwa imevunjika, babu."

"Nimeipanda miaka mingi. Haikuvunjika."

"Ilikuwa na ufa chini ya kerea ya kubebea mizigo. Rangi ilifunika. Nilipoisugua nikauona."

"Na ngozi iko wapi?"

Vijana wale hawakuelewa. Yeye alielewa. Aliweka grinda chini, akaenda kwenye rafu ya vyuma, akarudi na kipande cha bomba, kirefu kama kiganja, kimeviringishwa katika kitambaa safi. Niliona kitambaa kile, nikatambua kwamba hakukusudia kukitupa. Lakini mwizi pia huficha vizuri.

Nilikipeleka kwenye mwanga. Ncha mbili zilizokatwa kwa grinda ziling'aa. Katikati palikuwa na mstari mwembamba uliozunguka bomba karibu lote. Mstari kama huo unaweza kuwa ufa wa miaka, na unaweza kuwa ufa wa jana, uliotengenezwa kwa nyundo na mtu anayetaka sababu. Nimelima kwa plau maisha yangu yote. Chuma kilichovunjika leo ndani huwa cheupe kama jino. Kilichoachia zamani kina kutu mpaka ndani, maana mvua na vumbi hupenya ufani kama uchafu unavyopenya kwenye kidonda.

Nikamwita mwenye gereji, mtu mzima mwenye tumbo na adabu. "Kibane kwenye jiliwa," nikamwambia, "ukivunje pale penye mstari, tuone ndani."

"Mzee, huyu binti hasemi uongo."

"Sikukuuliza tabia yake. Nimekuomba nyundo."

Kisha nikamgeukia mjukuu wangu, nikasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, kwa sababu jambo la namna hii halisemwi pembeni: "Ndani pakiwa peupe, guta lile pale linabeba pikipiki yangu sasa hivi, na vipande vyake vyote, na hutaigusa tena. Umesikia?"

"Nimesikia, babu."

"Pakiwa na kutu, tutazungumza."

Mwenye gereji alikibana kile kipande, akazungusha mkono wa jiliwa mpaka chuma kikalia. Mjukuu wangu alifuta mikono kwenye ovaroli yake, akafuta tena ingawa ilikuwa imekwisha kukauka. Alitazama nyundo, hakunitazama mimi. Mimi nilimtazama yeye, kwa maana chuma kingenijibu muda si mrefu, lakini uso wake ulikuwa unanijibu tayari na sikutaka kuuamini uso. Nimewahi kuamini nyuso.

Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili kipande kilipinda. La tatu kilikatika, nusu yake ikaanguka sakafuni na kubingirika hadi kwenye mguu wangu.

Niliinama mwenyewe kuiokota. Kijana mmoja alitaka kunisaidia, nikamzuia kwa fimbo.

Ndani palikuwa pekundu na peusi. Kutu ilikuwa imekula karibu duara lote. Chuma cheupe kilibaki sehemu ndogo tu, nyembamba kama ukucha wa mtoto. Kwa kipande kile chembamba pikipiki ilikuwa imesimama nyuma ya ghala langu. Mtu angekaa juu yake barabarani, ingemwachia.

Nilimpa mwenye gereji, naye akawapitishia vijana. Yule mcheshi akapiga mluzi. "Hii ilikuwa kaburi, jamani."

"Uliikata lini?" nikamuuliza mjukuu wangu.

"Jumatatu."

"Ngozi imekaa kwako tangu Jumatatu. Mbona hukuileta?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Hivyo ulivyo sasa hivi, babu."

Vijana walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Sikucheka. Lakini sikumkemea pia, kwa sababu lilikuwa jibu la kweli, na jibu la kweli halikemewi hata likiwa na ukali.

Nilimwambia hukumu yangu hapo hapo. Kuchinja alichinja kwa haki. Kuchelewesha ngozi alikosa. Mtunzaji aliyechelewesha ngozi haaminiwi peke yake. Kwa hiyo nitakuja kila siku na kukaa pale mpaka kazi iishe, na kila atakachokitoa kitapita mikononi mwangu kwanza. Kisha nikamwambia awashe grinda, akate upande wa pili, maana mnyama haachwi na sikio moja. Alipokata, nilishika fremu kwa mikono yote miwili isitikisike. Cheche ziliniangukia kotini. Matundu yake bado yapo.

Nilikaa juu ya tairi kuukuu kila siku. Aliniletea madigadi, akaniletea kerea, akaniletea taa ya nyuma. Nilivitazama, nikaviweka kando. Nilimwona akipinda bomba jipya kwa moto na kulichomelea kuunganisha pande mbili. Mara ya kwanza uchomeleaji ulikaa vibaya. Sikumwambia. Alipofika kuupaka rangi aliuona mwenyewe, akaukata wote, akaanza upya.

Ilipokamilika ilikuwa fupi, ya chini, yenye hasira. Sikuipenda. Siipendi hata leo. Nilimwambia aipande mpaka kwenye mawe makubwa ya kando ya barabara na kurudi, nami nikasimama nyuma, kama tunavyofanya kwa ng'ombe aliyepona mguu: hautazamwi uso, hutazamwa mwendo wa nyuma. Alilala juu ya tangi, sauti ikapasua upepo, akapita mabonde yote ya ile barabara ya vumbi. Nyuma hapakuyumba. Akageuka, akarudi, akaizima mbele yangu.

Nilishika pale alipochomelea. Palikuwa pa moto, na pazima.

"Ni ya nani?" nikamuuliza.

"Ni yako, babu."

"Basi ipande. Jumamosi uje kunieleza inaendeleaje. Usingoje nisikie kwa bodaboda."