Kiti Kilichoshushwa

Ardis Haugen alikuwa mtu wa kujijibu mwenyewe. Akiuliza, "Verlyn, barabara ikoje?" mumewe hajafungua kinywa, yeye keshasema, "Mbaya. Nilijua." Verlyn alikuwa mzito wa maneno. Shule yake iliishia darasa la nane, akaingia kwenye ng'ombe wa baba yake. Ndoa ikaenda hivyo: mmoja anauliza na kujibu, mwingine anakunywa kahawa.

Ardis alifundisha shule ya chumba kimoja huko Dakota Kusini, kwenye nyika ambako nyumba moja haiioni nyingine. Alianzia hapohapo akiwa msichana. Kisha Britta, mtoto wao wa pekee, akafa kwa homa wakati wa baridi, kabla hajafika umri wa kuanza shule. Ardis akauacha ualimu miaka mingi. Aliporudi, nywele zilikuwa nyeupe, na leseni aliyopewa ilikuwa ya daraja la chini, ya muda tu. Wilaya ikamwambia, ukitaka kubaki lazima upande daraja, na kupanda kunataka krediti za chuo, za ngazi ya uzamili. Asipozipata kufikia Juni, leseni ingekufa na shule ingefungwa, maana mwalimu mwingine wa kuja huko hakuwepo.

Basi akawa mwanafunzi kwa umri ule. Alisoma kwa kompyuta, kwenye meza ya jikoni. Ikabaki kozi moja, ya mwanamke aitwaye Profesa Maddox, ambaye hakuwahi kuonana naye. Profesa huyo alifundisha jambo moja tu: ukishauliza swali, nyamaza. Usikijaze kimya. Mtoto yuko njiani, anakuja.

"Huyu mama ananionea," Ardis akasema. "Ninyamaze! Mimi!"

"Atakufa mtu," Verlyn akasema.

"Wewe nawe! Mwaka mzima huongei, ukiongea unaongea hilo."

Akajizoeza kwa mumewe. "Unataka supu au mkate?" aliuliza, kisha akakaa anamtazama, midomo ameibana kama aliyemeza nyuki. Verlyn alitafuta jibu kwa muda mrefu. "Supu," akasema. Sauti yake mwenyewe ilimshtua.

Kazi ya mwisho ilikuwa kujirekodi akifundisha. Siku aliyoipanga theluji ikafunga barabara, watoto wakabaki kwao. Profesa akamwandikia: kama watoto hawapo, fundisha viti. Ninachotaka ni kukuona ukingoja.

Verlyn akampeleka kwa pikapu yenye jembe la theluji mbele. Darasani viti vyote vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, kama vilivyoachwa kila Ijumaa ili sakafu ifagiliwe. Kimoja tu, cha mtoto mdogo, karibu na hita, kilikuwa kimeshushwa. Verlyn alidhani Ardis amekishusha. Ardis alidhani ni Verlyn.

Akaegemeza simu kwenye rafu. Verlyn akatoka kuzoa theluji mlangoni. Alimsikia mkewe kupitia ukutani: "Kwa nini theluji hulia tukiikanyaga?" Kisha kimya. Kimya kikawa kirefu mpaka Verlyn akasimamisha sepetu. Alitaka kuingia aone kama mkewe ameanguka. Ndipo Ardis akasema, kwa sauti ya chini, "Vizuri sana, mama. Vizuri sana."

Jibu la chuo likaja katikati ya juma. Ardis alilisoma kwa sauti, Verlyn amekaa ng'ambo ya meza.

"Kazi yako ni nzuri, hasa ulivyomngoja yule binti wa karibu na hita, ambaye miguu yake haifiki sakafuni. Alichelewa mno na hukumkatiza. Ila siwezi kuipitisha bado. Kila mtoto anayeonekana lazima awe na kibali chenye saini ya mzazi. Chake sijakiona. Nitumie kabla ya Ijumaa, tukifunga hatutafungua tena."

Ardis akaisoma tena.

"Amechanganya na ya mtu mwingine," Verlyn akasema.

Wakaitazama rekodi. Walimwona Ardis, na viti vilivyopinduka, na kile kimoja kimesimama, kitupu. Ardis akauliza swali lake. Akangoja. Kisha shingo yake ikainama upande wa hita, kama mtu anayemsikiliza mwenye sauti ndogo, na uso wake ukalainika. "Vizuri sana, mama," akasema.

"Ulikuwa unamwambia nani?"

"Sijui," Ardis akasema. "Nilikuwa nangoja tu."

Akamwandikia profesa, akamwuliza jambo moja: huyo binti alijibu nini? Jibu likaja kabla supu haijapoa. "Hukulisikia? Alisema theluji hulia kwa sababu imelala, nasi tunaiamsha."

Verlyn akaweka kijiko chini. Akaisukuma supu kando.

"Nini?" Ardis akauliza. "Unaumwa. Moyo. Nil..." Akajikata. Akabana midomo, akangoja.

Ilichukua muda.

"Britta alisema hivyo," Verlyn akasema. "Nimembeba mabegani, tunakwenda zizini. Baridi ile ya mwisho."

"Hukuniambia."

"Nilitaka."

"Miaka yote hii, Verlyn!"

"Nilikuwa njiani," akasema. "Nakuja."

Ardis akalia bila sauti. Nje upepo ulikuwa umetulia kabisa. Kisha akainuka, akachapisha ile karatasi ya kibali na kuiweka mezani kati yao.

"Tukiandika hivi, tunamdanganya yule mama?"

"Wanataka mzazi," Verlyn akasema. "Mimi ni mzazi."

Akachukua kalamu. Aliandika polepole, herufi kubwakubwa za darasa la nane. Mtoto: Britta Haugen. Alipofika penye darasa, kalamu ikasimama.

"Andika la kwanza," Ardis akasema. "Angeanza vuli iliyofuata."

Akaandika la kwanza. Akasaini.

Krediti zikaja, na leseni ikaja kabla ya Juni. Ardis alifundisha majira mengine kadhaa ya baridi, na kila Ijumaa aliviinua viti vyote isipokuwa kimoja. Watoto walipouliza sababu, aliwaambia wakisie, akawangoja.

Baridi iliyopita naye akazikwa, kando ya Britta.

Sasa Verlyn yuko peke yake kwenye meza ile. Asubuhi, kahawa ikiwa tayari, humwuliza, "Ardis, barabara ikoje?" Kisha hunyamaza. Hawashi redio. Hasogezi kikombe. Alifundishwa.

Juzi aliuliza, akangoja. Kahawa ikapoa, utando ukashika juu. Hakukuwa na upepo, wala hakuna jirani awezaye kufika huko kwa miguu. Theluji ya uani ikaanza kulia, taratibu, kutoka upande wa zizi, kama inavyolia ikikanyagwa na watu wawili, mmoja wao mwepesi.

Verlyn hakuinuka kwenda dirishani. Alibana midomo, akaendelea kungoja.