Mizani Mbili za Malaria

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, wiki moja kabla ya mvua za kwanza, mtaalamu mpya aliweka kompyuta yake kwenye meza yangu, akaniambia, "Shikamoo mzee," kisha akaomba neno la siri la kufungulia takwimu zangu. Nikaitikia marahaba. Neno la siri nilimpa baada ya chakula cha mchana.

Kwa miaka kumi na mmoja kazi ya kukisia malaria ya mkoa ilikuwa yangu. Niliajiriwa nikiwa na cheti cha kidato cha nne ili niingize idadi za wagonjwa. Takwimu nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu kisicho na jalada nilichonunua mtaa wa Kanyenye. Polepole nikaunda modeli: unaipa mvua, joto na wagonjwa wa miaka iliyopita, nayo inakwambia vipimo vya malaria vitahitajika wapi na kwa kiasi gani. Lori lilikwenda niliposema liende. Nililipenda hilo kuliko mshahara.

Yeye alikuwa na shahada mbili na umri wa binti yangu wa kwanza. Modeli yangu ilitoa majedwali. Yake, aliyoijenga kwa siku chache tu, ilichora ramani ya rangi. Watu ambao hawajawahi kuniuliza swali walijipanga nyuma ya kiti chake. Mhasibu alisema, "Hii hata mimi naielewa." Nikatoka kwenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Modeli zetu hazikukubaliana. Yangu ilipeleka vipimo vingi Ipole, kwenye tumbaku na kambi za warina asali. Yake ilivipeleka Tura na vijiji vingine vya relini. Ilibidi ofisi ichague, kwa sababu barabara ikishalowa, kurekebisha kosa ni safari nyingine ya lori, na wakati huo mama anarudishwa nyumbani na mtoto mwenye homa asiyepimwa.

"Mzee wangu," alisema kikaoni, "modeli yako inaipenda Ipole kama mtu anavyopenda kwao."

Ni kwetu kweli. Watu wakacheka.

"Na yako inaipenda Tura kwa sababu zahanati za relini huwahi kuleta taarifa," nikamjibu. "Watu wanapita Tura tangu enzi za misafara, binti. Kupita si kukaa."

"Hata anayepita anaumwa na mbu, mzee."

Wakacheka zaidi.

Bosi wetu, daktari ambaye baba yake alikuwa mnunuzi wa asali, akagonga meza. "Nyumbani kwetu muuzaji alikuja na mizani yake, na baba alikuwa na yake. Hakuna aliyeiamini ya mwenzake. Walipima kwa zote mbili, wakachukua katikati. Nanyi jumlisheni, gawanyeni kwa mbili. Lori linaondoka Ijumaa."

Niliona ni tusi. Mvua zilipoanza, kila Jumatatu niliwahi ofisini kabla yake, nikafungua taarifa kutafuta Tura ilipomwangusha. Niliipata: alikuwa amezidisha mno. Nilifurahi mpaka nilipoyashusha macho kwenye mstari wa Ipole. Hapo aliyezidisha nilikuwa mimi, karibu kiasi kilekile. Kosa langu na kosa lake yalivutana pande mbili, na lile kadirio la katikati, ambalo halikuwa la mtu, likawa karibu na ukweli wiki baada ya wiki. Sababu niliielewa vizuri. Kuipenda sikuweza.

Msimu ulipoisha, bosi alitaka kujua tungepoteza kiasi gani kwa safari za marudio kama tungefuata modeli moja tu. Binti alipiga hesabu, akaniletea mimi kwanza.

"Iangalie kabla sijaipeleka, mzee wangu. Tumekaribiana sana."

Hata adabu yake niliionea wivu. Nikahesabu upya kwa mkono, mara mbili, nikitafuta alipokosea. Hakukosea. Modeli yangu peke yake ingetupotezea shilingi milioni tatu, laki nne na elfu kumi. Yake ingetupotezea pungufu ya hapo kwa shilingi elfu sitini na mbili.