Neno Lililofutwa kwa Ajili Yangu

Katika miaka ya tisini nilikuwa karani kwenye kampuni ya kusafirisha chai, upande wa Makupa. Mwenye kampuni, Mhindi Mwislamu, alipoiuza, wamiliki wapya walituletea mtaalamu kutoka Nairobi, kijana wa tai na kijitabu cha maneno ya adabu.

Kijitabu kilitaka asibaguliwe mtu. Tusiseme wafanyakazi, tuseme familia. Tusiseme mjane, tuseme aliyeondokewa na mwenzi. Likizo ya eda nayo, ile miezi minne na siku kumi ambayo mwanamke Mwislamu aliyefiwa na mumewe hukaa ndani bila kuonana na wanaume wasio ndugu zake wa karibu, ikabatizwa likizo ya majonzi, ili iwe ya wote. Ilipokuwa ya wote ikawa siku saba.

Nilimuuliza ni nani aliyelalamika. Akanitazama kwa huruma, akaniambia neno eda linawatenga watu kama mimi. Mimi, Mkristo wa Rabai! Nimekula pilau za hitima za watu tangu utotoni, na sijawahi hata siku moja kumwonea mtu wivu kwa eda yake. Mwenzetu akikaa eda, kazi yake tuliigawana, na Krismasi wao waliigawana yetu. Hatukuhitaji kijana wa tai kutufundisha hilo.

Haukupita muda, jirani yangu wa meza akafiwa na mumewe. Alibaki na watoto wawili na mshahara ule ule mmoja. Siku saba zilipokwisha hakuja kazini. Mtaalamu akanichukua nikamwoneshe nyumba, Mji wa Kale, eti akamfariji, na papo hapo amkumbushe kwamba likizo imekwisha.

Mimi, kwa kuwa mwanamke, nilipita ndani nikaketi naye mkekani. Mtaalamu alizuiwa mlangoni na mama mkwe wa mwenzangu, bibi aliyekonga lakini ulimi mzima. Akamweleza bibi kwa upole kwamba yeye si mgeni, maana kule kazini sote ni familia moja.

"Vyema, mwanangu," bibi akasema. "U nani wake? Babake? Nduguye? Ami yake?"

Kijana akainamia kijitabu chake.

"Basi sema papo hapo nde ya pazia. Sikio halina eda."

Kijana akaliambia pazia kwamba asiyerudi Jumatatu nafasi yake itapewa mwingine. Mwenzangu alinishika mkono kwa nguvu. Nilitamani kutoka nimchape yule kijana kwa kijitabu chake.

Jumatatu hakurudi, na eda haivunjwi kwa sababu ya chai. Kazini tukaambiwa hakufukuzwa. Familia ilikuwa imemwachilia.

Eda ilipokwisha alikuja kuchukua kikombe chake. Msichana aliyepewa kiti chake alisimama, kijitabu mezani, akaanza kubabaika: kumbe yeye ndiye yule, yule aliyeondokewa na...

"Mjane," mwenzangu akamsaidia. "Sema tu, si tusi. Mume wangu katwaliwa na Mungu, nami sina la kusema. Kazi imetwaliwa na familia. Hebu nitafutie humo kitabuni, jamaa wa namna hiyo huitwaje?"